Mizinga Mia kwa Ishirini na Nane

Wewe usinikunjie pua. Ukiambiwa wazee wa Gosport, mji wa pwani kule Uingereza, walikaa Jumanne sita wakibishana juu ya vimeli vya kuchezea, unaona bibi kaanza kutunga. Haya, nenda mwenyewe kwenye ule ukumbi wa kanisa, ulitazame benchi la nje lilivyochakaa kwa makalio yao. Kama huendi, funga mdomo usikilize.

Jumanne ya mwisho, saa nane mchana, manyunyu yanadondoka, walikuwa watatu kwenye benchi hilo, chini ya upenu. Kamanda, aliyeitwa hivyo ingawa maisha yake yote alikata tiketi za kivuko. Rula, mwalimu mstaafu wa hesabu, asiyetoka nyumbani bila rula mfukoni. Na Enid, mjane wa Lionel, mwenye ufunguo wa ukumbi na chupa ya chai. Ndani, meza ilishatandikwa kitambaa cha bluu, na juu yake meli mbili za vita za enzi za matanga, hazizidi urefu wa kidole. Ya Kamanda ilihesabiwa mizinga mia. Ya Enid ishirini na nane. Lionel alikuwa akiipaka rangi mpaka wiki aliyokufa, na haijapigana hata siku moja. Meli zake nyingine zote mtoto wao alizibeba kwenda nazo Perth, Australia.

Saa kumi na moja ufunguo urudi kwa mchungaji, na kuanzia kesho ukumbi una watu wengine. Enid alitaka mchezo mmoja tu kabla ya hapo. Lakini chama chao cha mchezo huo kina sheria ya tangu zamani: dadu hairushwi mpaka wachezaji wote wawili watamke "sawa", yaani pambano halimwonei mtu. Na Kamanda hatamki.

— Shemeji, mia kwa ishirini na nane! Hiyo si vita, ni kukanyaga mende.

— Mende wangu, kiatu chako. Tamka tucheze.

— Apewe meli nne, Rula akasema. Nne mara ishirini na nane, mia na kumi na mbili.

— Azitoe wapi, kwenye rula yako?

— Basi tuseme bahari imechafuka. Mawimbi yakipanda, madirisha ya mizinga yako ya ghorofa ya chini hayafunguliwi, maji yataingia. Hapo umebaki na sabini.

— Sabini bado mingi.

— Mabaharia wako wanaharisha.

— Wangapi?

— Mia tatu.

— Mia tatu wote kwa pamoja? Wamekula nini?

— Kile ulichotupikia Krismasi.

Enid alimimina chai. Kwa mazoea ya chai ya wanne kule nyumbani, mkono ulichukua vikombe vinne, akakirudisha kimoja kwenye kikapu kabla hawajakiona.

— Nitacheza nimefumba macho, Kamanda akasema.

— Miaka thelathini na moja umecheza hivyo na Lionel, nani aliona tofauti? Rula akasema.

— Basi meli yangu imebeba ng'ombe! Ng'ombe sitini wa gavana. Mzinga ukilia wanakimbilia upande mmoja, meli inalala ubavu.

— Na gavana mwenyewe?

— Yuko katikati yao, anatapika.

— Mnanipangia kama mnampangia mgonjwa, Enid akasema. Lionel ulimpiga kila Jumanne, hukumtafutia ng'ombe.

Kamanda alitazama viatu vyake.

— Lionel alikuwa Lionel.

Ndipo akatokea mwanamke wa makamo, mkeka wa mazoezi kwapani. Jina lake Delyth. Ndiye mwenye ukumbi kuanzia kesho, kaja kupima sakafu. Alichungulia mezani, akarudi mlangoni.

— Samahani. Ile kubwa naona inataka kuizamisha ndogo. Na ile ndogo yenyewe inataka nini?

Kamanda akaomba chai. Enid akaipindua chupa. Halikutoka hata tone.

— Inataka kwenda zake, Enid akasema. Ikifika ukingo wa pili wa meza, imeshinda. Ikizama, umeshinda wewe. Ng'ombe wako baki nao.

Kamanda aliinuka benchini manyunyu yakikatika.

— Sawa, akasema.

— Sawa.

Wakaingia. Meli kubwa haigeuki upesi. Kamanda alikuwa bado anaipinda wakati ndogo ilishampita na upepo nyuma yake. Kisha mizinga ya Kamanda ikaielekea. Aliishika dadu muda mrefu, na Enid akamkazia macho. Akarusha. Sita. Enid mwenyewe aliung'oa mlingoti mkuu, ule ambao Lionel aliufunga kamba kwa uzi mwembamba kama unywele, akauweka kando. Meli ikajikokota vidole viwili, vidole viwili. Dadu ya pili, mbili. Ya tatu, moja; zote mbili zikakosa.

Rula alipima mara mbili.

— Imetoka.

— Uliniachia? Enid akauliza.

— Shemeji, sita ile ulidhani nakuchumbia? Nilitaka kukuzamisha.

— Vizuri.

Kamanda alimpa mkono, akaushika kupita kiasi, akavaa kofia. Rula alisema watakutana, hakusema wapi. Nyayo zao zikaishia barabarani. Delyth alishamaliza kupima, kaenda.

Enid alikunja kitambaa cha bluu, pembe kwa pembe, peke yake. Kazi ile ilikuwa ya watu wawili. Meli akaiviringisha kwenye leso pamoja na mlingoti wake. Kila Jumanne kwa miaka thelathini na moja Lionel alirudi nyumbani, na Enid, bila kuinua macho kwenye sufuria, akauliza nani kashinda. Leo alikuwa na jibu.

Akazima taa, akatoka, akafunga mlango.