Mama Chupa, Mshubiri na Mwani wa Dirishani

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtunza maabara yetu ya biolojia anastaafu tarehe 30 Juni. Wanafunzi humwita Mama Chupa, na kwa kuwa mwenyewe huitika, tumeona si utovu wa adabu kuliandika jina hilo hapa.

Alianza kwa kuosha vyombo vya maabara, akapanda hadi kusimamia vifaa vyote. Kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amepitia somo lake la dirishani: kulia mshubiri ndani ya kopo, kushoto chupa ya mwani wa kijani wa maji baridi. Huyu, husema, amebeba kisima chake ndani ya majani. Yule hana jani, hana shina wala mzizi, anaishi humo humo kisimani. Lakini wote wawili jiko lao ni jua. Hapo humgeukia aliyechelewa na kumuuliza kama jiko la kwao lilizimika.

Mwaka huu Mkuu wa Chuo alitaka mwani umwagwe Mama Chupa akishaondoka, kwa hofu kwamba hakuna atakayeuweza. Mshubiri ungebaki, maana ni mgumu. Mama Chupa hakubishana. Aliomba aende likizo yake ya mwisho, ofisi itunze vyote viwili, ndipo uamuzi utolewe.

Tulijitahidi. Mhasibu aliunywesha mshubiri asubuhi, mlinzi jioni, na Mkuu mwenyewe aliumiminia maji yaliyobaki kwenye glasi yake, kila mmoja akidhani wenzake wamesahau. Mwani tuliuogopa, hakuna aliyethubutu hata kuisogeza chupa. Mama Chupa aliporudi, mshubiri ulikuwa umeoza hadi shinani, na mwani umestawi, kijani kibichi, umejaa chupa nzima.

Alicheka mpaka akatafuta stuli. Alisema mgumu kafa kwa kupendwa mno, mnyonge kapona kwa kuogopwa. Kisha akamwambia Mkuu, kwa heshima zote, kwamba baba, mkono wako mzito.

Mkuu alicheka kuliko sote, na mwani unabaki. Chipukizi jipya la mshubiri limeshaletwa kutoka nyumbani kwa Mama Chupa, kwa sharti moja: mwenye glasi amalize maji yake mwenyewe.

Asante, mama, kwa uvumilivu wako kwa mimea na kwetu sisi. Tunakuombea siha njema, usingizi wa asubuhi na wajukuu wenye kelele za kiasi. Mwani ukipauka, tutabisha hodi.