Mwalimu Katungu Orpa, Aliyefuga Inzi wa Ndizi

Ndugu wapendwa, kabla hatujamshusha dada yetu kaburini, familia imeniomba mimi Kitsa, mdogo wake, niwaeleze aliishi namna gani.

Katungu Orpa alizaliwa Kirumba tarehe 9 Mei 1984, kwa baba Ésaïe, mchuuzi wa maharagwe, na mama Débora. Shule ya msingi aliisomea Kirumba, sekondari hapa Butembo, akapata diplôme d'État mwaka 2003. Kisha akaenda Kisangani kusoma biolojia. Huko ndiko alikozoeana na inzi wale wadogo wanaozunguka ndizi mbivu. Alitueleza kwamba wanasayansi wanawapenda kwa sababu wanazaa haraka, wanakula kidogo, na mambo mengi wanayorithi kwa wazazi wao yanafuata njia ileile ya kwetu wanadamu.

Mwaka 2009 alirudi na licence yake ya biolojia, na chupa za inzi alizozipakata njia nzima. Alianza kufundisha Beni, akakaa mtaa wa Mulekera. Inzi aliwafuga nyumbani, katika chupa za mayonnaise zilizozibwa kwa pamba. Harufu ya ndizi ilienea hata shemasi Malachie akaja kuuliza kwa upole kama mwalimu ameanza kupika kasiksi, ile pombe ya ndizi. Alipoonyeshwa zile chupa aliomba radhi, kisha akauliza kama inzi nao wanahitaji maombi. Orpa alipenda sana kuisimulia hiyo.

Tarehe 16 Julai 2011 aliolewa na Paluku Valentin, infirmier anayeuguza wagonjwa, mzaliwa wa Mutwanga. Mwaka uliofuata wakampata Mumbere Phinées. Mtoto hajafikisha miaka miwili, maumivu ya mifupa yakaanza. Hospitali ikasema ni drépanocytose, yaani selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto huzaliwa nao. Jamaa ya mume wakakaa kikao, wakasema ugonjwa umetoka kwa mama. Arudishwe Kirumba, Valentin atafute mwingine. Valentin hakujibu kitu. Dada yangu aliniambia kwamba ukimya ule ulimuuma kuliko maneno yao.

Mama mkwe, mama Berthe, ndiye aliyetumwa kumchukua. Orpa alimpokea, akampikia, akamwomba akae kwanza majuma mawili. Mbele ya macho yake akatia inzi wawili katika chupa, dume na jike, wote wenye mabawa marefu. Watoto wao walipotoka, mama Berthe alishika chupa dirishani.

“Mama Phinées, hii hapana kuruka.”

“Ndiyo, Mama. Mabawa yake ni mafupi.”

“Mais baba na mama yake, bote bawili baliruka.”

“Bote bawili balibeba ile kitu ndani, mais haionekane. Kama ni mumoja tu alikuwa nayo, batoto bote bangeruka.”

Mama Berthe akairudisha ile chupa mezani.

“Donc hata kwetu iko,” akasema.

Valentin alikwenda mwenyewe kupimwa damu, na ikaonekana kwamba naye anaubeba ugonjwa ule bila kuugua. Alimwomba mke wake msamaha mbele ya mama yake. Mama Berthe akarudi Mutwanga peke yake, akawaambia wazee kwamba mke wa mtoto wake haendi popote.

Tangu hapo Orpa alifundisha wachumba kanisani, akiwasihi wapimwe kabla ya ndoa. Wengine walikasirika. Wengine walipimwa, wakajua la kufanya, na watoto wao tumewaona ni wazima.

Mwaka 2024 alipatikana na kansa ya titi. Alitibiwa hapa Butembo, akaendelea kusahihisha kazi za wanafunzi kitandani mpaka mkono ulipochoka. Alilala tarehe 17 Julai 2025 asubuhi, mumewe akiwa pembeni. Alitamani kuzikwa Kirumba, lakini kwa vile sasa vita vimefunga barabara ya huko, Butembo imempokea.

Ameacha mume, Paluku Valentin, watoto wawili, Phinées, ambaye bado anatibiwa na yuko hapa nasi, na Masika Nadège, sisi ndugu zake, wanafunzi wengi, na mama wawili. Wa kwanza ni mama Débora aliyemzaa. Wa pili ni mama Berthe, ambaye jana usiku, tulipokuwa tukiandika haya, aliomba tusimwandike kama mkwe.

Dada Orpa, lala salama mikononi mwa Bwana.