Zebedayo Mgaya, Aliyemchora Sajini Kitumbua

Mchungaji wetu, baba zetu na mama zetu shikamooni, majirani wa Pongwe na nyote mliotoka Muheza, Ngamiani na kule Ushongo, Bwana Yesu asifiwe, na ndugu zetu Waislamu mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi tangu juzi, asalaam aleikum. Mimi ni Queen, kitinda mimba wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya baba yetu mpendwa, Zebedayo Hosea Mgaya, mchoraji wa katuni.

Maneno hayo matatu ya mwisho yalijadiliwa sana kwenye kikao cha Alhamisi, kwa kuwa baba mdogo Naftali, ambaye namheshimu, alishauri tusome kwamba marehemu alikuwa mfanyakazi wa zamani wa kiwanda cha kamba, kazi yenye mwajiri na kitambulisho, maana aliona si heshima kusimama mbele ya mchungaji na kutaja vikatuni vya kufungia maandazi, na kikao kikavutana mpaka chai ikapoa, hadi mama yetu Ruthi akasema asomewe mume aliyeishi naye. Basi huyo ndiye nitakayemsoma, na nitamsoma vizuri, kwa sababu mwezi Agosti hadithi zote za Sajini Kitumbua zinakwenda mitamboni kuwa kitabu kimoja, jalada lake lina jina moja la mchoraji, na jina hilo si la baba.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Aprili 1963 katika kambi ya shamba la mkonge nje kidogo ya hapa Pongwe, mtoto wa nne kati ya saba wa mzee Hosea Mgaya na bibi Damari, waliotoka Njombe kwa mkataba wa kukata mkonge, wakawaaga ndugu zao kwamba wanakwenda miaka miwili, na makaburi yao ndiyo haya tutakayopita karibu yake leo mchana.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa Pongwe kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, ambako, kwa ushahidi wa waliosoma naye, ubao wa darasa ulikuwa haufutwi mpaka walimu wote wapite kutazama alichochora wakati wa mapumziko, isipokuwa siku aliyomchora mwalimu mkuu akisinzia, siku hiyo ubao ulifutwa upesi na msanii akafagia uwanja juma zima. Hakuchaguliwa kuendelea na sekondari, na mwaka 1980 aliajiriwa kiwanda cha kamba, kazi yake ikiwa kupiga chapa za rangi kwenye marobota, na hapo baba mdogo hakukosea, aliifanya kazi hiyo miaka minane na aliifanya vizuri, lakini ndugu waombolezaji, mtu aliyeshika brashi ya chapa miaka minane na kalamu ya wino miaka ishirini na nne, tukiisoma ile minane tukairuka ile mingine, tutakuwa tunamzika mtu tusiyemjua.

Mwezi Februari 1988 alijiunga na jarida la katuni la Kifuu, lililokuwa likitoka kila Ijumaa pale Ngamiani chini ya mzee Saud, mchapishaji, ambaye tunaye hapa na tunamshukuru kwa kufika. Nyota wa jarida wakati huo alikuwa mzee Luqmani, aliyembuni Sajini Kitumbua, yule askari mnene mwenye kofia kubwa kuliko kichwa, asiyemkamata mwizi wa chakula mpaka kwanza aonje kilichoibwa. Baba hakupewa mhusika wake, alipewa mapengo ya wenzake, yaani mchoraji akialikwa harusi Pangani, au akipata kibarua kinono Dar es Salaam, au akiamka tu hana hamu, kurasa zake zililetwa kwa Zebedayo siku ya Jumatano, na Alhamisi jioni zilikuwa mezani kwa mzee Saud, wino umekauka, kila moja imechorwa kwa kuiga mkono wa mwenyewe, hata mwenyewe akiiona anadhani aliichora akasahau. Desturi ya Kifuu ilikuwa kwamba aliyembuni mhusika ndiye jina lake linaandikwa chini ya ukurasa, awe ameushika au hajaugusa, na ndiyo maana mzee Luqmani alipohamia Dar es Salaam mwezi Mei 1991, Sajini Kitumbua aliendelea kuchorwa kwenye meza yetu ya kulia chakula hapa Pongwe, Ijumaa baada ya Ijumaa, mpaka jarida lilipofungwa Desemba 2012, na chini ya kila ukurasa baba aliandika Luqmani kwa mwandiko mzuri, akiwa amejifunza hata ule mkia wa herufi ya mwisho.

Waliowahi kuyaweka magazeti hayo watakubaliana nami kwamba Sajini wa mwanzo alikuwa kofia na tumbo, na nyuma yake peupe. Baba ndiye aliyemjengea mtaa, akaweka foleni ya bombani na ndoo zake, machungwa ya Muheza yamepangwa juu ya meza ya mbao yenye mguu mmoja mfupi, mama anayekuna nazi taratibu ili asikose ugomvi wa jirani, na leso yake iliyokunjwa ikaficha nusu ya maneno yaliyochapwa juu yake, msomaji ayamalizie mwenyewe.

Tarehe 24 Oktoba 1992 marehemu alifunga ndoa takatifu na mama yetu Ruthi katika usharika huu, wakajaliwa watoto watatu, Bryson aliyezaliwa mwaka 1993, Bertha mwaka 1997, na mimi tarehe 2 Agosti 2003, na hapo naomba tusimame kidogo. Uzazi wangu ulikuwa mgumu, mama alilazwa wiki tatu, na baba alifunga chupa ya wino akahamia kwenye benchi la wodi ya wazazi, ndiyo mara pekee katika miaka yote hiyo kurasa hazikutoka kwake. Mzee Saud alimpigia simu mzee Luqmani, naye kiungwana akakaa akamchora Sajini kwa mkono wake halisi, gazeti likatoka, na Jumatatu yake Sele, aliyekuwa akiuza magazeti stendi ya Muheza, akarudisha bunda zima kwa kondakta wa basi na ujumbe kwamba wateja wameligomea, Sajini huyu ni wa bandia, vidole kama mkungu wa ndizi, mtaa wote umehama, na tafadhali mzee Luqmani aombwe arudi kazini haraka. Baba alipoletewa habari hiyo pale wodini hakucheka, aliuliza kama mzee Luqmani ameshaambiwa, akaomba asiambiwe.

Bertha alipomuuliza, akiwa amekua, kwa nini asiandike jina lake japo mara moja kwenye kona, baba alijibu, "Mwanangu, Ijumaa watu wanamtaka Sajini, hawamtaki Zebedayo." Baba, hoja hiyo niliipinga ukiwa hai na ukaniambia nile kwanza chakula kinapoa, na leo naipinga tena mbele ya mashahidi, kwa sababu watu wa Muheza walipokosa mkono wako Ijumaa moja tu walirudisha gazeti, sasa kama huko si kumtaka Zebedayo, kunaitwaje?

Baada ya Kifuu kufungwa marehemu alichora mabango ya maduka na vyombo vya uvuvi hadi Ushongo. Mwaka 2019 aligundulika kuwa na kisukari, macho yakaanza kufifia, mwaka 2023 akaiweka kalamu chini, tarehe 29 Mei mwaka huu alipata kiharusi akapelekwa hospitali ya Bombo, na huko akafariki dunia siku ya Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, mama yetu akiwa amemshika mkono.

Jana mchana mzee Luqmani aliteremka kutoka Dar es Salaam, na miguu yake hiyo ya uzee mnayoiona, akakaa mkekani, akauliza habari za kitabu, na alipoelezwa jalada lilivyo alimgeukia mzee Saud mbele yetu sote, akasema, "Saud, mimi nilimchora kofia. Mtu aliye chini ya kofia ni wa Zebedayo." Mzee Saud hakukataa, haki ni haki, alisema jalada limeshatengenezwa, wasomaji wamezoea jina moja, na mambo haya yazungumzwe msiba ukiisha.

Mzee wangu, tumekusikia. Jalada lililotengenezwa halijawa jalada lililochapwa, na kutoka leo hadi Agosti kuna nafasi ya kutosha kuongeza maneno mawili. Jumatatu saa mbili asubuhi, mama, kaka Bryson, dada Bertha, mimi na mzee Luqmani tutakuwa ofisini kwako Ngamiani, tutasalimia, tutakaa, na usipotusikiliza siku hiyo tutakuja Jumanne. Baba mdogo Naftali amesema atatuendesha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bombo, waliomhudumia bila kuchoka, majirani mliopika na kuchota maji, msikiti wa mtaani kwetu mliotupa majamvi, mchungaji na kwaya, wenzake wote wa Kifuu, na Sele wa Muheza, aliyeujua mkono halisi bila kuambiwa na mtu. Tunawashukuru pia wachoraji wote mnaomaliza kurasa za wengine na kuzifikisha Alhamisi, mkijua majina yenu hayamo, tunawaomba kuanzia sasa myaandike.

Baba, pumzika kwa amani. Jumatatu sisi tunaamkia Ngamiani.