Vikima vya Don Fidencio

Benchi la mbele ya kanisa, pale basi la Xalapa linapogeuzia, lina wenyewe: Fidencio kinyozi, Kizibo muuza samaki, na Askofu, aliyepachikwa jina hilo kwa sababu hakosi cha kuhubiri. Asubuhi hiyo kahawa yao ya maziwa ilikuwa inapoa, maana hakuna aliyekuwa na mkono wa kushika glasi. Wote walikuwa wamefunga vikima, kidole cha kati kimepanda juu ya cha shahada, kama mji ule wote unavyofanya ukitaka kima auletee bahati. Bahati yenyewe ilikuwa ya Fidencio. Doña Eulalia, mjane wa duka la vitambaa, alikuwa anahamia Xalapa kwa dada yake, tena kwa basi la asubuhi ile, na Fidencio alimpenda hadi akawa anakata wateja masikio.

— Vyako vimelegea, Kizibo akamwambia.

— Vimelegea wapi? Vidole vinaniuma tangu alfajiri.

— Gumba, kaka. Umeliacha nje. Kima buibui hana gumba. Akiliona, anajua wewe si mwenzake, anakupotezea.

Fidencio akaficha gumba haraka. Juu ya mtini uliotia benchi kivuli, kima buibui mmoja alikuwa ananing'inia kwa mkia, anakula tini, hana habari nao.

Askofu aliguna. Gumba si kitu, akasema, kazi yote iko mkiani, na asiye na mkia afunge miguu. Mjomba wake aliwahi kuifunga siku nzima, mvua ikanyesha shambani kwake, la jirani ikaliruka. Basi wakasokota miguu. Kizibo hakukubali kushindwa, akaongeza macho.

— Kengeza, jamani. Kima hutazama tini mbili kwa mpigo.

Wakakengeza. Ndipo doña Eulalia akapita na sanduku lake, akawaaga kwa upole. Fidencio aliona akina Eulalia wawili, wote wamependeza, na hakumjibu hata mmoja. Mama akapanda basi.

Dereva, mgeni katika njia ile, alikuja akaomba amalizie glasi moja iliyosahauliwa. Akauliza wamepatwa na nini, wakamweleza yote.

— Na huyo mama alisema nini ulipomwambia?

Kizibo alimtazama Askofu. Askofu akamtazama kima. Fidencio alihisi aibu ikimpanda mpaka kwenye upara. Dereva akameza kahawa ya mwisho, akaenda kuwasha gari.

Fidencio akaruka asimame, lakini miguu ilikuwa imekufa ganzi. Akaanguka. Basi likaanza kutikisika, naye akaenda hivyo hivyo, kwa mikono na magoti, katikati ya njiwa, mpaka mlangoni.

— Don Fidencio, doña Eulalia alisema kutoka juu, umefuata nini?

— Nimekuja kukuomba usiende. Nakupenda.

Dereva akazima injini. Doña Eulalia alimwangalia, vumbi magotini, vidole bado vimepandana. Kisha akamshushia sanduku alipokee.

Kule benchini, Kizibo alimgeukia Askofu, macho bado makengeza.

— Si nilisema? Tatizo lilikuwa gumba.