Kisu, Mganga na Diski ya Mwalimu Anselmo

Chang'ombe, nyuma ya karakana za kuchomelea mageti, palikuwa na benchi refu la mbao za kreti lililoegemezwa kwenye kibanda cha Jabiri, fundi redio. Jabiri walimwita Risasi, kwa ajili ya ile risasi ya kuungia nyaya ambayo ilikuwa haimtoki vidoleni hata siku ya Idi. Mwaka huo wa tisini na nne umeme ulikuwa wa mgao, na kila ulipokatika fundi alitoka nje akakaa benchini na wenzake, Mzee Mwinjuma muuza kahawa akawamiminia, ubishi ukaanza. Jumanne ile Jabiri alitoka mapema kuliko siku zote, na aliyemjua vizuri angeona kwamba hakuwa na raha. Alikuwa na siri ya siku tatu, na mwenye haki ya kuijua alikuwa amekaa pembeni yake anapuliza kahawa.

Huyo alikuwa Mwalimu Anselmo, mstaafu, mtu wa Nachingwea. Kwa miaka mingi alizunguka vijiji vya kusini akikusanya vitendawili kwa bibi wa Kimwera, akaviandika kwenye madaftari. Kisha padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao akamwachia kompyuta ya nyumbani, ile ya kizamani inayochomekwa kwenye televisheni. Mwalimu akavichapa vitendawili vyote kwa kidole kimoja, miaka miwili, kwenye diski moja nyeusi laini, pana kama kiganja. Madaftari yakaliwa na mchwa. Ikabaki diski. Wiki iliyopita nayo ikagoma kusomeka, ndipo akambebea Jabiri diski na kompyuta yake.

— Risasi, ishu yangu imefikia wapi? aliuliza Mwalimu.

— Naishughulikia, Mwalimu. Diski si pasi, haitengenezwi kwa kugongagonga.

— Alhamisi uliniambia kesho.

— Alhamisi umeme ulikuwepo.

Suhaib akacheka. Huyu alikuwa kijana wa makamo aliyeuza kompyuta kuukuu zilizokuja na makontena ya mitumba, na kwa kuwa kila sentensi yake ilipitia Dubai, jina lake likawa hilohilo.

— Mwalimu, anakuchelewesha huyu, alisema Dubai. Anatumia Kisu chake. Angetumia Mganga wangu, saa hizi ungekuwa nyumbani unasoma vitendawili vyako.

Kisu na Mganga zilikuwa programu mbili za kufungulia diski zilizoharibika. Majina yake ya Kiingereza yalikuwa marefu, kijiwe kikazibatiza. Kisu ilikuwa ya Jabiri. Ilifungua diski kipande kimoja kimoja, ikakuonyesha kila herufi na kila namba iliyomo, ukarekebisha kwa mkono wako. Mganga ilikuwa ya Dubai. Yenyewe ulibonyeza kitufe kimoja tu, ikajitibia.

— Kitufe kimoja! Dubai alikinyanyua kidole chake wote wakione. Unabonyeza, unaenda zako kunywa kahawa. Kisu unakaa nayo siku mbili unahesabu vipande mia sita na kitu kama mtu anachambua mchele.

— Afadhali nichambue, alisema Jabiri. Kisu haigusi kitu mpaka mie niiambie. Hiyo yako inafanya inavyotaka yenyewe. Utampaje mtu usiyemjua funguo za nyumba?

— Nyie wote mnapotea, alidakia Mashaka.

Mashaka waliyemwita Redio Mbao alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku kwenye kiwanda, na mchana badala ya kulala alitangaza habari ambazo hazikusikika kwenye redio yoyote ile.

— Hiyo diski haijaharibika. Imechoka na mgao. Umeme ukirudi kwa kishindo, herufi zinaruka. Nilikuwaga naona kiwandani, karatasi zinatoka kwenye mashine hazina irabu hata moja.

— Acha fiksi, Redio.

— Fiksi? Basi nikwambie na lingine. Hizi kompyuta wazungu walizitengeneza zijue Kiingereza. Umeipa Kimwera miaka miwili, imevumilia, imevumilia, mwisho imesusa. Ingekuwa mtu angeshaandika barua ya kuacha kazi.

Mwalimu Anselmo alitabasamu kidogo.

— Nilichapa kwa Kiswahili, Mashaka.

— Ndo mbaya zaidi! Imejua unaificha!

Kicheko kikapasuka. Jabiri naye alicheka, kwa kuwa wote walicheka. Kila Mwalimu alipotabasamu, yeye aliona Jumamosi.

Jumamosi alikuwa amechoka. Siku mbili alikuwa akifungua vipande kwa Kisu, macho yanamwasha, na alichogundua ni kwamba iliyoharibika ni ile orodha ya mafaili, yaani sehemu ya diski inayoiambia kompyuta kipi kiko wapi. Kuirekebisha kwa mkono kulihitaji subira, nayo subira ilikuwa imemwisha. Kando ya meza lilikuwepo boksi la diski la Dubai, alilolisahau Ijumaa alipokimbilia msikitini. Jabiri alitazama nje, akafunga mlango, akatoa Mganga. Yeye, Risasi, aliyeitukana Mganga mbele ya mtaa mzima. Alibonyeza kile kitufe kimoja. Mashine ya diski ikakoroma dakika tatu, maandishi yakatokea. Alipoifungua orodha aikague, ilikuwa tupu. Hapakuwa na faili hata moja. Alirudisha boksi mahali pake, tena akalipangusa vumbi.

— Hebu tufanye mashindano, Dubai alikuwa anasema pale benchini. Umeme unarudi saa tisa. Risasi na Kisu chake, mie na Mganga wangu. Mwalimu awe refa.

— Hakuna mashindano kwenye mali ya mtu, Jabiri alijibu haraka.

— Unaogopa?

— Niogope nini?

— Mganga. Sema tu, unaogopa kuaibika.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuja akisukuma vumbi kwa viatu vya ofisini, kabeba redio kaseti kwapani. Alimwamkia Mzee Mwinjuma na Mwalimu, shikamooni wazee, akauliza fundi ni nani. Alikuwa anaitwa Kokuberwa, Mhaya, mchapaji wa ofisi moja ya Mikocheni. Redio yake ilikuwa inakula kanda. Jabiri akamwomba asubiri umeme, Mwinjuma akampa kikombe, akasogezewa nafasi mwisho wa benchi.

— Sista, sema wewe mwenye kompyuta ofisini, Dubai alimdaka hata kabla hajakaa sawasawa. Diski ikiumwa, utaipasua kwa kisu au utaipeleka kwa mganga?

— Inategemea mganga.

— Mganga wangu hajawahi kushindwa!

Hapo Jabiri akapandwa na hasira, hasira ya mtu anayetetea jambo analolijua mno.

— Hajawahi kushindwa? Mganga wako anafuta kila kitu, halafu anakuandikia "Diski safi" kwa maandishi ya kijani, tena yanawakawaka kama taa za harusi, na kengele juu! Diski safi! Safi nini, wakati ndani hamna kitu!

Dubai alikuwa amefungua mdomo amjibu. Akaufunga. Akakunja uso.

— Kijani?

— Kijani, ndiyo.

— Mie televisheni yangu ya bleki-en-waiti. Miaka yote naona maandishi meupe tu. Sijui hata kama yana rangi.

Televisheni ya rangi mtaa ule mzima ilikuwa moja, ndani ya kibanda cha Jabiri, ya mteja ambaye hajarudi kuichukua. Kijiwe kizima kilijua hivyo. Redio Mbao alijua, akageuka kuutazama mlango wa kibanda. Kokuberwa peke yake, mgeni, hakujua kuna nini, ndo akauliza vile mtu anavyouliza saa ngapi:

— Kwani fundi, wewe uliyaona wapi?

Jabiri aliangalia vidole vyake. Alitafuta uongo, na alikuwa fundi mzuri wa uongo mdogomdogo, wa kesho njoo na spea haijafika. Siku hiyo haukuja hata mmoja.

— Jumamosi, alisema. Niliweka Mganga kwenye diski ya Mwalimu. Sikutoa nakala. Nilichoka, nikabonyeza. Orodha yote imefutika.

Mzee Mwinjuma alishika buli lake bila kumimina. Mwalimu Anselmo aliweka kikombe chini taratibu, akaangalia mbele, kwenye ukuta wa karakana, kama mtu anayesoma ubao wa darasa la mbali.

— Jumamosi, alirudia. Na Jumapili nimepita hapa ukaniambia unasubiri spea.

— Nilikuambia hivyo.

— Na jana.

— Na jana, Mwalimu.

— Vitendawili vimefutika, hukuvifuta kwa makusudi. Lakini spea hukuisema kwa bahati mbaya, Jabiri.

Hakumwita Risasi. Jabiri alisikia hilo kuliko yote. Alitamani Mwalimu apaze sauti, ampige hata kofi, wagombane yaishe. Mwalimu hakupaza sauti. Miaka thelathini ya darasani ilimfundisha kwamba aliyekosa asipogombezwa ndo anasikia zaidi.

Kokuberwa alikuwa anawaza.

— Samahani wazee. Iliyofutika ni orodha, au na maneno yenyewe?

— Orodha ndo naijua, Jabiri alisema. Maneno sikuangalia. Niliogopa kuangalia.

— Ofisini kwetu karani mmoja alichana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu cha bosi. Kurasa zingine zilibaki. Tuliandika yaliyomo upya.

Dubai na Jabiri wakatazamana.

— Kisu, alisema Dubai pole pole, na neno lilimtoka kwa shida. Kisu si inaonyesha kila kipande?

Saa tisa na robo umeme ulirudi, mtaa mzima ukapiga kelele. Waliivuta televisheni ya rangi mpaka mlangoni ili Mwalimu aione bila kuinuka. Jabiri akaanza kwa kutoa nakala ya diski, safari hii, na Redio Mbao akaitangazia njia nzima kwamba nakala imetoka. Kisha akawasha Kisu. Vipande vikapita kimoja kimoja, namba na herufi zimejazana kama dagaa kwenye fungu. Kilichotakiwa kilikuwa kitu kimoja, pale faili lilipoanzia. Kila kipande kilibeba namba ya kinachofuata, kwa hiyo ukikipata cha kwanza vingine vinajivuta vyenyewe.

Waliangalia zaidi ya saa. Macho ya Jabiri yalianza kutoka machozi, akakataa kupokewa. Ni Kokuberwa aliyesema "rudisha kimoja nyuma", kwa jicho la mchapaji lililozoea kukamata kosa katikati ya ukurasa. Jabiri akarudisha. Katikati ya takataka za alama, yakasomeka maneno: VITENDAWILI VYA KUSINI, A. K.

Mwalimu alisimama. Mkono wake ulishika fremu ya mlango.

Jabiri aliandika namba za kipande kile kwenye orodha, kwa mkono, tarakimu baada ya tarakimu, Dubai akizisoma kwa sauti na kuzirudia mara mbili bila hata kuitaja Dubai. Kisha akaita faili. Kioo kikajaa. Kitendawili cha kwanza, cha pili, cha tisa, cha sitini, mpaka mia tatu na kumi na mbili. Kijiwe kikalipuka. Redio Mbao alimkumbatia Mzee Mwinjuma na buli lake.

— Sasa faili la pili, alisema Mwalimu.

— La pili?

— Hilo ni la maswali. Majibu niliyaweka mbali, wanafunzi wangu walikuwa na tabia ya kuchungulia.

Jabiri alirudi kwenye Kisu. Hakutafuta sana. Mganga ilipomaliza kazi yake Jumamosi iliandika taarifa ndefu ya kujisifu, na ikaiandika kwenye nafasi iliyodhani iko wazi. Vipande vya majibu vilijaa mstari mmoja, juu mpaka chini: diski safi, diski safi, diski safi.

Dubai aliusoma, akashika kichwa.

— Mwalimu, alisema Jabiri, hili nalo ni langu.

Mwalimu aliuangalia ule mstari muda mrefu. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Jabiri akadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani.

— Majibu mengi ninayo kichwani, alisema. Nimeyafundisha miaka yote. Lete maswali, Risasi, tuone.

Jabiri aliposikia jina lile alirudisha maswali kwenye kioo haraka. Kokuberwa akapewa kazi ya kusoma. Kwa muda mrefu Mwalimu alijibu kabla swali halijaisha, Dubai akiandika majibu kwenye karatasi, kijiwe kikishangilia kama mpirani. Wakafika cha mia na arobaini.

— Kitendawili! alisema Kokuberwa.

— Tega!

— Wagawie wote, kila mmoja ataondoka na kizima.

— Rahisi, alisema Redio Mbao. Mafua.

— Mafua yako mwenyewe. Ni habari, alisema Dubai.

— Habari unaigawa nzima wewe Mashaka? aliuliza Mzee Mwinjuma. Kwako kila mtu anaondoka na nyingine.

— Moto, alisema Jabiri. Kila mtu anachukua kijinga chake kinachowaka.

Wote wakamgeukia Mwalimu. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, midomo inacheza.

— Nilikipata Ruponda, alisema, kwa bibi mmoja aliyeitwa Monica, mwaka sabini na moja. Siyo moto. Wala habari. Jibu lake lilinichekesha njia nzima mpaka Nachingwea. Hilo nakumbuka. Jibu lenyewe...

Akatikisa kichwa. Halikuja.

— Basi tukupe mji, sista, alisema Redio Mbao. Chukua Bagamoyo, utupe jibu.

— Sitaki Bagamoyo.

— Chukua Dubai! alisema Dubai.

— Chukua Mikocheni na Bunju yote mpaka baharini, alisema Jabiri.

Kokuberwa aliangalia kioo, akawaangalia watu wazima watano waliokuwa wanamsubiri.

— Miji nimepokea, alisema. Jibu sina. Sasa nani atanidai?

Mzee Mwinjuma aliinamisha buli juu ya kikombe cha Mwalimu. Likatoa tone moja, la pili halikuja. Kahawa ilikwisha, na hakuna aliyeinuka kwenda nyumbani.