Sura ya Kuazima

"Mtu usiyemjua akikuomba sura yako, utampa?" Jirani aliwahi kumuuliza hivyo mjane Mektilda, wakacheka. Ndani ya treni ya Kaliua, Mektilda hakucheka.

"Kuweka pesa hawakuniuliza chochote," alilalamika kijana Renatus aliyekaa mbele yake. "Nimeshinda kasino ya simuni, ndipo wanataka kitambulisho na uso! Haki hiyo?"

"Laini si ya mama yako?" alisema mwenzake aliyekaa kando yake. "Lazima wamwone mwenyewe."

"Mama kamari hataki hata kuisikia."

"Tafuta mama mwingine, bwana. Picha za vitambulisho zote zinafanana."

Mektilda akaishika rozari yake, akahisi macho yao usoni.

"Shikamoo, mama," Renatus akasema kwa upole mno, simu mkononi.

Treni ikasimama Usoke. Mektilda akajitanda kanga hadi machoni, akashuka bila hata marahaba.