Mwalimu Sauti na Mapazia ya Darasa la Jirani

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Sauti, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kitinda mimba wa nyumba ya watoto sita. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1982, akafundisha fasihi katika shule moja tu hadi alipostaafu. Akisoma hadithi kwa sauti, hata mpishi wa shule aliacha sufuria jikoni akaja kusimama dirishani.

Mwaka 1987 aliolewa na fundi seremala, mtu mpole asiye na makuu. Walijaaliwa mabinti wawili.

Marehemu alikuwa na wivu. Tukilificha hilo leo, yeye mwenyewe atatukanusha. Mwaka 2012 alikuja mwalimu kijana, akapewa darasa la jirani, ukuta kwa ukuta. Kijana alikuja na projekta na spika. Kabla ya kufungua kitabu alionyesha kipande cha filamu, akakisimamisha, akauliza, "Kwa nini mama huyu hamtazami mwanawe?" Darasa zima lilipiga kelele kujibu. Wanafunzi wakamwita Bwana Picha, na kelele zile zikamchoma marehemu kama mwiba.

"Wanasoma au wanatazama?" alimuuliza mumewe, chakula kikipoa.

"Mke wangu, huo ni wivu."

"Ndiyo, ni wivu. Sasa?"

Picha zinataka giza. Basi marehemu akajitolea kufua mapazia ya darasa lile. "Yamechafuka mno, mwanangu," alimwambia kijana, naye akashukuru. Mapazia yakalowekwa, yakakaa majini wiki nzima.

Siku moja, kupitia ukuta, akasikia sauti yake mwenyewe ikisoma hadithi kwenye spika ya kijana. Akaingia mle kama moto wa nyika. "Nani kakuruhusu kunirekodi?"

"Nisamehe, mama," kijana alisema mbele ya wanafunzi. "Filamu inanipa uso wa mhusika. Moyo wake naupata ukisoma wewe. Tangu nije hapa nakuonea kijicho."

Kesho yake mapazia yalirudi, yamepigwa pasi. Wakaanza kufundisha pamoja: kijana anazima sauti ya filamu, marehemu anasoma, wanafunzi wanabishana nani kasema kweli, kitabu au picha. Wivu haukuisha. Kila kipindi kikimalizika aliuliza, "Wameshangilia picha au mimi?"

Mwaka 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya koo, ikamnyang'anya sauti. Bwana Picha alikuja wodini na spika ndogo, akamfungulia rekodi za zamani za marehemu akisoma. Mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, "Kijana, huyo mtangazaji wako wa redio anajua kusoma!"

Marehemu akamvuta binti yake shati, akanong'ona kwa shida, "Mwambie ni mimi."

Alifariki tarehe 14 Juni 2024, asubuhi. Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu watatu, na Bwana Picha, aliyeomba ahesabiwe miongoni mwa watoto. Tumemhesabu.

Pumzika salama, mwalimu wetu. Tumewaambia wote kuwa ni wewe.